Ulichozika Siku Aliyozaliwa Amina

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, kwa hiyo nakuitikia mwenyewe, kwa ile marahaba yako ya kuvuta uliyokuwa ukiitoa bila kuinua uso kwenye beseni la muhogo. Tumeshasalimiana. Habari za nyumbani ni hizi: Rashidi yu hai, ametimiza miaka kumi na tano. Amina ana tisa na amekushinda kwa maneno. Ile mikorosho mitano ya kuelekea bondeni, uliyoikata ikabaki visiki ukaibebesha vikonyo vya miti mizuri, imezaa kuliko yote iliyobaki hapa Mkunya. Bafu bado ni lile la makuti, na nyuma ya bafu mpaka unaondoka hakuwa amepanda mtu chochote.

Hapo nyuma ya bafu ndipo ninapotaka tuzungumze. Barua hii naiacha wazi, mwenye kuisoma aisome, kwa sababu nadhani si wewe peke yako uliyepewa karatasi ile.

Unanijua, siwezi kueleza jambo bila daftari. Walimu wenzangu shuleni waliniita Mama Tarehe, wakadhani sisikii. Nimeyafungua madaftari yangu ya mwaka ule aliozaliwa Amina, na haya ninayokuandikia nayatoa humo.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba, niliandika: "Mkutano ofisi ya kata. Mgeni kutoka Masasi, anaitwa Daktari. Ana boksi jeupe la barafu. Simwamini." Ndivyo ilivyo, Mama. Neno la kutomwamini liko mstari wa tatu, kabla sijaandika hata alichosema.

Zilikuwa ndizo zile siku ambazo kila mwenye jambo la kuuza alipanda gari akaja kwetu. Soko lilikuwa limefunguliwa, na kila kitu kilikuwa huria: wanunuzi wa korosho, wauza miwani, wauza dawa za vidonge vya kijani vya kutibu magonjwa kumi na moja. Masasi zahanati za watu binafsi zilichipuka kama uyoga, nyingine kwenye vyumba vilivyokuwa juzi tu vinauza mabati. Sisi huku juu, tunaosubiri bomba litoe maji kwa zamu, tulizoea kwamba anayepanda mlima mpaka kwetu hajaja bure.

Yule bwana aliwaamkia vikongwe wote mmoja mmoja. Wewe ulifurahi. Mimi niliandika kwamba mtu anayesambaza shikamoo nyingi namna ile ana kitu anachokitaka. Kisha akasimama, kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, akawaeleza wakunga wa jadi wa kata nzima, wewe ukiwamo, kilichomleta. Sitaki kumdhulumu, kwa hiyo naandika alivyosema. Alisema damu inayobaki kwenye kitovu na kwenye kondo, mtoto akishazaliwa, ina chembe za namna yake. Chembe nyingine mwilini kila moja ina kazi yake, ya ngozi ni ya ngozi, ya ini ni ya ini. Hizi za kitovu ni kama vijana waliomaliza mafunzo, hawajapangiwa kituo. Zinaitwa seli shina. Ukimwekea mtu ambaye damu yake ina kasoro, zinaingia kwenye mifupa yake, zinakaa, zinaanza kumtengenezea damu mpya.

Ukaniinamia sikioni, ukasema, "Ni kubebesha tu huko."

Nilicheka. Lakini ulikuwa umeelewa kabla ya wote. Mti mzee wenye matunda mabaya unaukata, unapachika kikonyo cha mti mzuri, kikikubaliana na kisiki kinashika. Kisipokubaliana kinanyauka. Mambo yote niliyokuja kusoma baadaye kuhusu uboho na damu, wewe uliyasema kwa maneno manne, ukaendelea kutafuna korosho zako.

Wengine hawakuachia hapo. Katekista aliyekuja kutoka Lukuledi kumtembelea shemeji yake alisema amesikia kwamba huko Ulaya chembe hizo huchukuliwa kwenye mimba changa zinazovunjwa, na kanisa lake halikubali. Bwana yule akasema hizo ni nyingine, hizi zetu mtoto yu hai, analia, ananyonya, hakuna aliyekufa. Ustadhi akasema kilichotoka kwenye mwili wa binadamu huzikwa, hakisafirishwi. Bwana akamuuliza kwa adabu kama damu anayopimwa mtu hospitali nayo huwa inazikwa. Ndipo yule bibi wa jirani na msikiti, ambaye hakuwahi kukaa mkutanoni bila kusinzia, akafumbua macho:

"Na huyo mtoto akikua, akaja kuulizia chake?"

Watu walivunjika mbavu. Bwana alicheka kuliko wote. Niliandika: "Amecheka. Hakujibu."

Niliuliza mimi maswali matatu. Kitu hicho kitahifadhiwa wapi? Akasema mahali salama. Kwa baridi ya kiasi gani? Akasema ya kutosha. Na kwenye hiyo fomu yako, mwenye mali ni nani? Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Mwalimu, wewe unahoji kama askari." Wakacheka tena, safari hii kwangu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma nikiwa nimesimama pale pale, na ilisema aliyechukua anaweza kufanya anachoona kinafaa. Nilikuwa na ujauzito wa miezi minane. Niliikunja, nikamrudishia.

Siku ile ndipo alipopewa jina. Sijui nani alianza, lakini kabla gari lake halijafika barabara kuu watoto walikuwa wanamwita Bwana Boksi.

Ulitaka kunisemesha njiani. Ulisema, "Kwa Rashidi je?" Nami nikakujibu kwamba Rashidi si kisiki cha kujaribia. Nikakuambia, na hili nakumbuka bila daftari, kwamba mtoto huyu akizaliwa, kitovu chake na kondo lake vizikwe nyumbani kama vilivyozikwa vyetu sote. Uliitikia, "Haya."

Rashidi alikuwa na miaka sita. Wasomaji wengine hawamjui, kwa hiyo niseme: mwanangu wa kwanza ana selimundu. Alirithi kwa pande zote mbili, kwangu na kwa Baba Rashidi, sisi wenyewe tukiwa wazima. Damu yake inapinda kama mundu, inakwama, na panapokwama pana maumivu ambayo mtu mzima angeomba afe. Katika daftari langu kila siku ya maumivu niliiwekea nukta nyekundu. Mwezi ule wa Novemba ulikuwa na nukta nyingi kiasi kwamba ukurasa ulionekana kama umeugua surua. Mimi niliweka nukta. Wewe ndiye uliyembeba. Ulimfunga mgongoni mtoto wa miaka sita, miguu inaburuza, ukazunguka naye mti wa uani huku ukimwimbia kwa Kimakonde nyimbo za watoto wachanga, na alipouliza, "Bibi, mguu wangu utakatika?" ulimwambia hapana, umelewa mabibo tu, utaamka. Akacheka katikati ya kilio. Sijui ulizitoa wapi hizo nguvu za utani.

Jumatatu, tarehe 8 Desemba, Amina alizaliwa. Nilikuwa nimepanga nikajifungulie Newala mjini, lakini nikasikia kwamba Bwana Boksi ameonekana na maboksi yake jirani na kliniki, nikaghairi. Nikajiambia nitazalia mikononi mwa mama yangu, hapo hakuna wa kuniibia kitu. Ulinizalisha vizuri. Ulikuwa na glavu na mkasi wa kuchemsha uliopewa kwenye mafunzo, na ulinisemesha kwa ukali kama mwanafunzi mzembe. Nilipomsikia mtoto analia nililala. Nilipoamka uliniambia umeshazika nyuma ya bafu.

Kwa desturi yetu ya nyumba hii, uliyoifuata wewe na mama yako kabla yako, kondo linaoshwa, linafungwa kwenye kipande cha kanga ya mama, linawekwa shimoni kitovu kikitazama juu ili mama asifunge uzazi, na juu yake inapandwa mbegu ya mkorosho. Wa kwangu mimi ni ule mkubwa wa mlangoni. Wa Rashidi ni ule uliopinda. Siku nne baada ya Amina kuzaliwa mvua ilinyesha vizuri, kisha ikanyesha tena, na mimi nikiwa ndani na mtoto nilikuwa nachungulia kwa dirisha la nyuma. Hakuna kilichoota. Niliandika: "Wiki ya tatu, mbegu ya Amina bado." Niliandika tena wiki ya tano.

Mama Fikiri alikuja kumtazama mtoto. Unamjua jirani yetu yule, hawezi kula na siri akashiba. Akasema bombani watu wanasema wakunga wawili watatu wanampelekea Bwana Boksi makondo ya watu. Akasema wengine wanadai yanaenda kutengenezwa mafuta ya uso ya wazungu. Akaongeza, huku anamtazama Amina na si mimi, "Mama yako lakini yeye si wa kufanya hivyo." Nilijua kwa namna alivyosema kwamba na wewe umetajwa.

Arobaini ilitimia Jumamosi tarehe 17 Januari, tukala pilau. Jumapili, siku yangu ya kwanza kutoka, ulikwenda na Rashidi kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini. Nikachukua jembe.

Nakuomba radhi kwa lile jembe kabla ya yote. Sijawahi kusikia mtu wa ukoo wetu aliyefukua kondo. Nilichimba huku nasali nikute kitu cha kunitia aibu, nikifunike, niseme astaghafiru na kukaa kimya mpaka kufa. Nilikuta kipande cha kanga yangu. Ulikifunga vizuri, fundo lako lile lile. Ndani mlikuwa na muhogo. Muhogo mmoja mfupi mnene, uliomenywa, umeanza kuoza. Na mbegu ya mkorosho haikuwepo kabisa. Hapo hata sasa nashangaa: ulidanganya kwa muhogo, ukashindwa kudanganya kwa mbegu.

Uliporudi nilikuwa nimekaa kizingitini, muhogo uko miguuni. Ulimwambia Rashidi aende akamwage ming'oko jikoni. Nikasema, "Umemuuza mwanangu."

Ukasema, "Sijauza mtu. Nimemwekea kaka yake."

Hayo ndiyo maneno yako. Maneno matano, machache kama yale ya mkutanoni, na safari hii sikuyasikia. Ulijaribu kueleza: kwamba Bwana Boksi alikupa kifuko cha plastiki chenye dawa ya kuzuia damu isigande, kwamba ulikinga damu ya kitovu chote kama alivyokufundisha, kwamba aliipokea asubuhi ile ile pamoja na kondo, kwamba itakaa kwenye baridi mpaka Rashidi afikishe umri, kisha atakuja kuchukuliwa. Kwamba ulimtaka aandike jina la Rashidi na akaandika mbele yako. Nami nikakuambia neno ambalo sikuliandika kwenye daftari, kwa hiyo ni mimi na wewe tu tuliolijua mpaka leo. Nilisema, "Utajuaje alichoandika? Wewe hata kusoma hujui."

Mimi, niliyekuwa nawasomea barua kijiji kizima. Barua za watoto walioko Dar, kadi za kliniki, hati za mashamba. Uliniangalia kidogo, ukaokota muhogo, ukaenda kuutupa.

Jumanne nilimfunga Amina mgongoni nikashuka Masasi. Sikukuaga. Zahanati ya Bwana Boksi niliipata chini ya mawe makubwa, karibu na stendi, mlango umepakwa rangi mpya. Mwenyewe hakuwepo. Binti aliyekuwepo alisema Daktari yuko safarini. Boksi jeupe lilikuwa nyuma ya mlango, nikafunua kifuniko kabla hajanikataza. Lilikuwa na soda tatu na maji yaliyokuwa barafu.

Nilitoka pale nikaenda hospitali, nikamsubiri daktari mwanamke wa zamu mpaka akamaliza wagonjwa wake. Nilimweleza. Nilitarajia aseme ni uongo mtupu, nirudi na ushindi. Hakusema hivyo. Alisema ni kweli, damu ya kitovu ina seli hizo, na ziko nchi ambazo watoto wenye ugonjwa wa damu wamewekewa za ndugu zao wakapona. Lakini lazima zifanane, na kwa ndugu wa baba na mama mmoja bahati ni moja kati ya nne. Na lazima zigandishwe kwa baridi ambayo friji yoyote ya Masasi haiwezi, siyo barafu ya kupozea soda. Na lazima iwepo hospitali ya kuja kuzitumia, na yeye haijui. "Huyo mtu," alisema, "ama hajui anachofanya, ama anajua sana."

Kwa hiyo nilikuwa sahihi kumshuku, na wewe ulikuwa sahihi kuamini. Niliyaona hayo yote mawili nikiwa kwenye gari la kurudi, na bado nilikuja na moja tu nyumbani. Nilisimama mlangoni nikakuambia, "Boksi lako limejaa soda."

Ukajibu, "Kwani ana boksi moja?"

Hatukulizungumza tena. Baada ya miezi michache zahanati ile ilifungwa, pakawa duka la vocha na betri. Bwana Boksi hakuonekana tena Masasi wala Newala. Kondo la Amina liko wapi, damu yake iliingia wapi, sijui. Nimewasikia wanaosema mafuta ya uso, nimewasikia wanaosema majaribio, nimewasikia wanaosema alimwaga vyote korongoni kwa sababu barafu iliyeyuka. Kila moja naiamini siku yake.

Sasa naja kwenye yaliyo mazito kwangu. Daftari langu la miaka iliyofuata lina mistari kama hii, ya Alhamisi, siku ile ile aliyotujia Bwana Boksi: "Alhamisi. Mama amekaa tena kando ya barabara." "Alhamisi. Mama ameuliza kama kuna gari limetoka Masasi." Na mmoja, wa mwaka wa tatu, nilioupigia mstari: "Bado anangoja malipo yake." Niliandika hivyo, Mama. Nilikuwa namlisha mtu, naosha nguo zake, namwamkia asubuhi na jioni, na moyoni nilikuwa nimemfungulia faili.

Niliona pia kwamba hukuniletea tena karatasi yoyote. Kadi yako ya macho uliipeleka kwa Mama Fikiri. Barua ya mjomba kutoka Tandahimba ulisomewa na Mama Fikiri. Niliandika: "Mama ana jambo analolificha na Mama Fikiri." Kumbe ulikuwa unalificha jeraha tu.

Ulipofariki, mwezi wa pili wa masika yaliyopita, waliokuosha walinikabidhi kanga zako. Kwenye pindo la ile ya kahawia palikuwa na fundo gumu. Nikadhani ni ugoro. Ilikuwa karatasi, imewekwa ndani ya mfuko wa nailoni wa chumvi, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa matundu. Ilikuwa na alama ya dole gumba lako, kubwa, ya wino wa zambarau, imekaa vizuri katikati ya duara. Ilikuwa ya Kiingereza.

Nilimwendea Mama Fikiri nayo kabla sijaisoma yote. Akalia kwanza, ndipo akasema. Ulimpelekea mara moja, kitambo, Amina akiwa anatambaa. Akakuambia, "Hiki Kizungu, dada, kinanishinda. Mpelekee mwanao." Ukasema utaipeleka. Ukaikunja.

Nimekusomea, Mama. Nilikaa kitandani kwako nikakusomea kwa sauti, nikiifasiri mstari kwa mstari kama nilivyokuwa nawafanyia watu wa kijiji. Inasema mkunga wa Mkunya ametoa damu ya kitovu, mfuko mmoja, na kondo moja. Inasema ametoa kwa hiari, naye na wazazi hawana dai lolote. Inasema aliyepokea atatumia anavyoona. Pana namba. Pana nafasi ya maelezo mengine, na nafasi hiyo ni tupu. Jina la Rashidi halipo. Nimeigeuza nyuma, nimeishika kwenye mwanga. Halipo popote.

Alikuandikia namba, akakuambia ni jina. Na wewe ulilibeba kwenye pindo miaka minane na ushei, ukalala nalo, ukasali nalo, ukakaa nalo kando ya barabara kila Alhamisi ukiwa na risiti ya dawa ya mjukuu wako. Ningekusomea kwa dakika mbili, ungejua. Ungelia, ungemlaani, kisha ungeacha kungoja. Aliyekunyima dakika hizo mbili si Bwana Boksi.

Kwa nini nakuandikia sasa na si mwaka jana? Kwa sababu imekuja fomu nyingine.

Mwezi uliopita Rashidi alilazwa wiki mbili. Kifua safari hii. Daktari anayemtibu ni mwanamke, kijana, anaongea polepole. Alituita mimi na Baba Rashidi akasema ipo njia ya kuomba Rashidi apelekwe nje ya nchi, akawekewe uboho wa ndugu. Hatua ya kwanza ni kumpima Amina damu, kuona kama wanafanana. Akanipa karatasi. Mama, ulipaswa kuniona. Niliisoma mara tatu, nikampelekea mwalimu wa Kiingereza wa sekondari aisome naye, nikarudi hospitali na maswali matatu, na daktari akaweka kalamu chini akanisikiliza.

Itafanyika wapi? Akanitajia mji na hospitali, akanionyesha barua. Watamtoa Amina nini, na atabaki na nini? Akanieleza kwa kuchora mfupa wa nyonga, sindano, maumivu ya siku kadhaa, na kwamba uboho hujirudisha. Mwanangu atapona?

Akasema, "Sijui. Wapo wanaopona kabisa. Wapo ambao mwili unakataa. Na wapo ambao hawarudi."

Niliandika neno lile moja kwenye daftari na kulizungushia duara. Bwana Boksi siku zote alizopanda mlima kuja kwetu hakuwahi kusema sijui.

Bado nashuku. Nimezaliwa hivyo, au nimesoma hivyo, na sitaki kukudanganya kwamba nimebadilika. Namshuku anayetaka barua ipite haraka. Naishuku na nafsi yangu, maana lipo swali ambalo daktari hakuliuliza na ustadhi hakulifikia, lakini yule bibi wa jirani na msikiti aliliuliza akiwa nusu usingizini. Amina ana miaka tisa. Mwili ni wake. Mara ya kwanza alichukuliwa chake akiwa na umri wa dakika kumi, na hakuna aliyemuuliza, wala wewe kwa mapenzi yako, wala yule kwa njama zake. Mimi nimwekee sahihi tena bila kumuuliza?

Kwa hiyo niliwakalisha wote wawili uani, chini, tunabangua korosho, nikamsomea Amina fomu nzima kwa Kiswahili. Alisikiliza. Akauliza, "Nikitoa, na mimi nitabaki na yangu?" Nikamwambia inajirudisha. Akabangua korosho mbili tatu. "Na nikikataa, Rashidi atanifanya nini?"

Rashidi akasema, "Nitakutuma maji mpaka uzeeke."

"Unanituma sasa hivi."

"Basi hutaona tofauti."

Amina alicheka, kisha akasema wapime kwanza, kama hawafanani itakuwa wamegombana bure. Nikaona ni busara kuliko ya wakubwa wengi. Nimeweka sahihi ya kupima tu. Kwenye nafasi ya jina la mgonjwa nilimkatalia karani, nikaandika mwenyewe, herufi kubwa, nikamfanya Rashidi alisome, na Amina alisome. Majibu bado. Kama hawafanani, hakuna mwingine wa kupima, tutaendelea na vidonge na nukta nyekundu. Kama wanafanana, nitamuuliza Amina upya.

Na karatasi yako nimeifanyia jambo moja. Wino wa ile nafasi tupu haukunigharimu kitu. Nimeandika pale, juu kidogo ya dole lako: "Kwa ajili ya Rashidi." Chini yake nikaandika tarehe 8 Desemba na mwaka aliozaliwa Amina. Unanijua mimi na tarehe. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuandika tarehe isiyo ya siku ile, na sitaisahihisha.

Nimeifunga kwenye kipande cha kanga yangu, nimeizika nyuma ya bafu, nikapanda mbegu. Iliota siku ya kumi na nne. Nimeandika.

Pumzika sasa, Mama, barabara ya Masasi naiangalia mimi.

Mimi mwanao uliyemzaa na kumzalisha,
Mama Rashidi